Kuvu, Mitishamba na Mwili Uliodhoofika: Ya Kufanya na ya Kuacha, Kasongo na Kabambare

Utando mweupe mdomoni mwa mtu mzima si uchafu, wala si kazi ya mchawi. Mara nyingi ni dalili kwamba kinga ya mwili imeporomoka.

Fanya

Mpeleke mgonjwa kituo cha afya, apimwe SIDA na kisukari. Akishindwa kumeza bukari, huenda kuvu imeshashuka kooni: usingoje. Kutoka vijiji vya Kabambare safari ni ngumu, ndiyo maana inabidi muondoke mapema, angali anatembea.

Mtajie muuguzi kila mti anaokunywa mgonjwa, bila aibu. Hata vidonge vya kitunguu saumu, katika utafiti uliotolewa mwaka 2002, vilipunguza kwa nusu hivi kiwango cha sakwinaviri, dawa ya SIDA, katika damu.

Kichwa kikiuma siku nyingi, pamoja na homa, shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni kriptokoko, kuvu inayoshambulia ubongo. Hapo hakuna jani, hakuna chale za wembe, hakuna kukesha kwanza kwenye maombi. Inaua.

Nanyi waganga, mtumeni mgonjwa hospitali. Tanga, Tanzania, waganga na madaktari walianza kushirikiana kuhudumia wagonjwa wa SIDA mwaka 1990.

Usifanye

Usimnyweshe mizizi iliyolowekwa kwenye lutuku. Pombe, mizizi, flukonazoli (dawa ya kuvu) na dawa za SIDA: mzigo wa vyote unaliangukia ini moja.

Usimpige bomba la mitishamba. Amekonda, anaharisha; unamkausha maji yaliyobaki na unaweza kumjeruhi utumbo.

Majani ya Senna alata, mti wa maua ya njano yaliyosimama kama mishumaa, yapake kwenye choa, juu ya ngozi isiyo na kidonda. Usiyachemshe ili ayanywe: yanaharisha.

Usidanganywe na neno “maabara”. Ni kweli, mwaka 2006 watafiti wa Muhimbili, Tanzania, walionyesha kwamba baadhi ya miti ya waganga inazuia kuvu ya mdomoni. Lakini walifanya hivyo ndani ya visahani vya maabara. Kisahani hakina ini, hakina mimba, hakinywi vidonge vingine.

Na utando ukitoka siku ya tatu, usimwachishe dawa. Flukonazoli inamalizwa kwa siku zote alizoandikiwa. Za SIDA ni za maisha yote.