SOMO: KWA NINI PASAKA HAINA TAREHE MOJA?

Krismasi ni tarehe 25 Desemba kila mwaka. Saba Saba ni tarehe 7 Julai. Lakini Pasaka ya mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi, na ya mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili. Nani anaihamisha? Wako wanaodhani ni viongozi wa dini au Serikali. Sivyo. Anayeihamisha ni mwezi wa angani. Ili tuelewe, tuanze na Wayahudi, maana Pasaka ilianzia kwao.

Mwezi na jua
Tangu mwezi uandame hadi uandame tena ni siku 29 au 30. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354. Lakini mvua na mazao hufuata mwaka wa jua, ambao una siku 365. Haya, toa 354 katika 365. Zinabaki 11. Kila mwaka wa mwezi hupungukiwa na siku 11.

Waislamu hawazibi pengo hilo. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2000 ilianza mwishoni mwa Novemba. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Kwa miaka kama 33 huzunguka masika na kiangazi, ikarudi ilipoanzia.

Mwezi wa 13
Wayahudi wana sharti jingine. Torati inataka Pasaka iangukie wakati shayiri inapoiva nchini kwao. Sasa fikiri sisi wa Mbugani tungekuwa na sikukuu ya kuvuna mpunga, tukaihesabu kwa mwezi peke yake. Mwaka huu ingeangukia katikati ya Juni. Baada ya miaka 10 ingeangukia mwishoni mwa Februari, mpunga ungali mbichi. Tungevuna nini? Majani!

Wayahudi waliona hatari hiyo. Wakaongeza mwezi wa 13 katika baadhi ya miaka. Katika kila miaka 19, miaka 7 ina miezi 13. Mwezi huo huwekwa kabla ya mwezi wa Nisani. Pasaka ni tarehe 15 Nisani, wakati mwezi ni mpevu.

Sikukuu nyingine hufuata kalenda hiyo hiyo. Siku ya 50 kutoka Pasaka ni Pentekoste. Mwaka Mpya wao ni tarehe 1 Tishri, ambayo huwa Septemba au Oktoba. Tarehe 10 Tishri ni Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga. Tarehe 15 huanza Sikukuu ya Vibanda. Siku yao huanza jua linapotua. Hilo si geni kwetu Waswahili: usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa.

Wakristo wa kwetu huadhimisha Pasaka Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au unaofuata tarehe hiyo. Kwa hiyo haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi, wala kupita tarehe 25 Aprili.

Wayahudi wa Mbale
Jirani zetu Waganda wanao Wayahudi weusi, karibu na mji wa Mbale. Huitwa Abayudaya. Semei Kakungulu ndiye aliyewaongoza kushika Torati mwaka 1919. Idi Amin alipotawala aliwakataza ibada zao. Wengi waliacha dini hiyo, wachache wakaishika kwa siri.

Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliopigana nayo, yaliiteka Kampala. Amin akawa ameanguka. Jioni ile ile, jua lilipotua, Pasaka ya Kiyahudi iliingia. Ni sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Basi kwa Abayudaya siku hiyo ina ukumbusho mara mbili.

Faida kwetu
Mtu akikopa fedha akasema, "Nitalipa baada ya Pasaka," ameahidi siku gani? Mwaka mmoja ni mwanzo wa Aprili, mwaka mwingine ni mwisho wa Aprili. Na mpunga wake bado uko shambani! Mdai anangoja, mdaiwa anakasirika, udugu unavunjika. Wewe unajua kusoma na kuandika. Angalia kalenda. Andika siku, mwezi na mwaka, kisha wote wawili mtie sahihi. Sikukuu inahama, tarehe iliyoandikwa haihami.

Maswali ya kujadili
1. Kutoka tarehe 31 Machi hadi tarehe 20 Aprili ni siku ngapi?
2. Mwezi wa ziada ukiwa na siku 30, mwaka wa miezi 13 una siku ngapi?
3. Kwa nini Ramadhani huzunguka majira yote, lakini Pasaka haizunguki?
4. Kijijini kwenu, ni ahadi gani hutolewa kwa kutaja sikukuu au mavuno? Iandikeni upya kwa tarehe.