Dondoo muhimu: Projekta darasani bila presha

• Anza na mada, si kifaa. Chagua kitu kinachokushinda kuonyesha ubaoni: mapigo ya moyo, au umeme ukipita kwenye waya.

• Pakua mapema. Majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ni ya bure. Ukishayapakua yanafunguka bila intaneti, na baadhi yana Kiswahili.

• Wahi darasani. Jaribu waya wa HDMI, soketi na spika. Kisha kaa dawati la nyuma kabisa: usipoweza kusoma maandishi wewe, mwanafunzi naye hataweza. Kuza herufi.

• Zima arifa za WhatsApp, la sivyo darasa zima litasoma habari za mchango wa harusi.

• Ukionyesha video, isimamishe kila baada ya dakika 2 au 3. Uliza, “Nini kitafuata?” Wanafunzi waandike jibu kwanza, ndipo uendelee.

• Mwombe mwalimu wa TEHAMA akae nawe kipindi cha kwanza. Kuuliza si ujinga.

• Uwe na mchoro wa mada hiyohiyo kwenye karatasi ya manila, endapo umeme utakatika. Kipindi kiendelee.