Paa la Pwani Huoza Pale Mvua Isipofika

Fundi wa kwanza hakupanda hata ngazi. Alisimama uani kwa mama, Kigamboni, akatazama juu mkono kiunoni, akatoa hukumu: "Mama, paa hili limekwisha. Ng'oeni lote muweke la msauzi, mpumzike." Ilikuwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kimetoka kupita pwani yetu. Upepo ulikuwa umeng'oa bati moja la pembeni upande wa baharini na kuyalegeza mengine jirani yake, na mvua ya masika ikamalizia kazi kwa kulowesha godoro la mama. Makadirio aliyotuandikia fundi yalizidi pensheni yake ya mwaka mzima.

Nilikasirika, na hasira hiyo sijaitua hadi leo. Mama ni mjane, nyumba aliijenga marehemu baba mwaka 2011, na kuna watu wanaoona mjane chini ya paa linalovuja kuwa ni soko. Paa lile halikuwa limekwisha. Lilikuwa limeoza mahali fulani tu, kwa sababu inayojulikana, na mahali hapo ndipo nataka kila mwenye nyumba ya pwani apajue.

Fundi wa pili, kijana wa Mjimwema, alipanda. Nikapanda nyuma yake. Nilitarajia kukuta juu kuna kutu tele, maana juu ndiko jua na mvua zinakopiga. Nikakuta mabati ya kijivu yaliyofifia, magumu, yanayolia vizuri ukiyagonga. Kutu kidogo ilikuwa kwenye vichwa vya misumari na mahali kunguru walipoangusha vipande vya waya wa viota vyao. Basi. Kijana akashuka, akaingia chini ya upenu, akaniita: "Dada, njoo uone huku." Upande wa chini wa yale yale mabati, kuanzia ukingoni hadi ukutani, kutu ilikuwa inabanduka kwa magamba. Ukibonyeza kwa bisibisi, inatoboka.

Mama naye akaja. Akapanda kigoda, akapitisha kidole chini ya bati ambalo bado lilikuwa zima, akalamba. "Hii chumvi," akasema. "Chumvi kabisa, ya kutia kwenye mchuzi."

Hapo ndipo penye siri yote ya paa la pwani. Upepo wa kusi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hivi, unapiga kutoka baharini ukibeba vumbi la maji ya chumvi. Chumvi inatua kila mahali, juu ya bati na chini yake. Ya juu inaoshwa na mvua. Ya chini ya upenu haioshwi na kitu. Inakaa, inaongezeka, mwaka hadi mwaka. Na chumvi haihitaji mvua ili iloe: chumvi ya kawaida huanza kufyonza maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75, na usiku wa Dar es Salaam hufika hapo na kupita. Kwa hiyo bati la upenuni linalowa maji ya chumvi usiku, linakauka mchana, linalowa tena usiku unaofuata, hata katika miezi ambayo hakuna tone la mvua.

Nitaeleza tulivyotengeneza, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuondoa kilichooza na kuacha kilicho kizima. Tuling'oa safu ya chini tu, upande wa baharini. Mabati ya juu yalibaki. Papi mbili zilikuwa zimelowa na kuoza, zikabadilishwa. Misumari ya zamani kwenye safu za ukingoni tuliitoa yote tukaweka skrubu zenye raba kila mgongo, kwa sababu kimbunga huanza kazi yake pembeni na kwenye kona, ambako upepo unalivuta bati juu kwa nguvu kuliko kwingine. Skrubu zinakaa juu ya mgongo, kamwe si bondeni kwa maji. Hayo fundi yeyote anayajua, siyarefushi.

Hatua ya pili ni kununua mabati, na hapa lazima nisimulie.

Dukani tuliomba geji 28. Kwa asiyejua, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Muuzaji akaleta mabati yana muhuri wa 28, akatuharakisha, gari la mzigo linasubiri. Binamu yangu anafanya kazi karakana na alikuja na maikrometa mfukoni. Akapima bati jipya. Akapima na kipande kizima cha bati la zamani tulichokibeba, ambalo risiti ya baba inasema ni geji 30. Jipya lilikuwa jembamba kuliko la zamani. Muuzaji akasema, "Bosi, geji ni geji tu, yote yanazuia mvua." Wateja wengine wakaanza kusogea kuangalia maikrometa. Mmoja akaomba apimiwe ya kwake. Pesa zetu zilirudi haraka kuliko nilivyotegemea, na furaha niliyotoka nayo dukani mle siwezi kuificha. Kupachika muhuri wa 28 kwenye bati jembamba ni wizi, na anayeibiwa zaidi ni yule aliyechanga shilingi kwa shilingi.

Duka la pili, mzee mwenye duka alifanya jambo ambalo sijaona wauzaji wengi wakilifanya: alituonyesha karatasi ya koili, ile inayokuja na mzigo kutoka kiwandani, yenye unene wa chuma na gramu za zinki. Tangu siku hiyo nashikilia kwamba mtu wa pwani anayeuliza geji peke yake ameuliza nusu ya swali. Chuma kinene bila ngozi ya zinki ya kutosha kitaoza tu. Ngozi ndiyo maisha ya bati.

Hesabu yake si ngumu. Zinki hupimwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. Bati la gramu 275 lina zinki ya mikroni 20 hivi kila upande. Bati la gramu 100 lina mikroni 7 tu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinaipanga hewa kwa ukali wake kwa chuma, na katika daraja la C5, ambamo mna hewa ya ufukweni yenye chumvi nyingi, zinki hupotea mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe. Ngozi ya gramu 100 inaweza kwisha ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, kabla hata hujamaliza deni la saruji. Bara, Dodoma au Tabora, bati lile lile litakaa miaka mingi bila kulalamika, na ndiyo maana ushauri wa shemeji aliyejenga Dodoma haufai Kigamboni.

Alizinki, yaani bati lililopakwa mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki 43 na ushee, na silikoni kidogo, hustahimili hewa ya bahari vizuri zaidi kuliko zinki tupu, na ndilo tulilochukua. Lakini halipatani na saruji mbichi, basi usikubali mtu amwage lipu juu yake. Usikubali pia likatwe kwa grenda: cheche zinachoma ngozi, na punje za chuma zinanasa juu ya bati na kuota kutu. Tumia mkasi wa bati. Bomba la shaba la kiyoyozi lisidondoshe maji juu ya paa. Mbao zilizotiwa dawa zikauke kabla ya kuguswa na bati. Majani ya mwarobaini yaondolewe kwenye gata. Na karatasi ya dhamana isome kabla ya kulipa, kwa sababu dhamana nyingi za mabati zinaziweka kando nyumba zilizo karibu na bahari.

Sasa nije kwenye kuosha, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Tulikubaliana na mama kwamba chumvi ya upenuni lazima itolewe kwa mkono, mvua haitatusaidia. Wazo la kwanza lilikuwa mpira wa bustani na maji ya kisima kilichoko uani. Mama akakataa. Maji ya kisima kile yana chumvi. Sabuni haitoi povu na chai yake haina ladha. Kuosha chumvi kwa maji ya chumvi ni kuongeza chumvi. Visima vingi vifupi karibu na ufuko viko hivyo, kwa hiyo kabla hujafungua mpira, onja maji yako. Ukisikia chumvi mdomoni, bati nalo litaisikia.

Maji matamu tuliyokuwa nayo ni ya mvua, kwenye tangi, na hayakuwa mengi ya kumwaga ovyo kwa mpira. Kijana wa Mjimwema ndiye aliyeleta jibu: bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya mimea. Linabeba lita kumi na kitu, lina fimbo ndefu yenye tundu dogo mbele, na msukumo wake ni mdogo, haubandui rangi wala hausukumi maji kuingia mahali bati moja linapolalia lingine. Fimbo inafika pale ufagio usipofika, kati ya bati na papi, kwenye pembe ya ukuta na kenchi, nyuma ya ubao wa ukingoni. Lazima bomba liwe jipya, au liwe halijawahi kutiwa dawa. La jirani yetu lilikuwa limepulizia salfa kwenye mikorosho, tukalikataa kwa adabu, maana mabaki ya salfa ni adui mwingine wa bati.

Tunaanza asubuhi, jua likiwa limechomoza lakini bati halijawa la moto, ili mchana ukaushe kila kitu. Kwanza napuliza maji matupu na kusubiri kidogo chumvi ilainike. Kisha napitisha sifongo laini iliyofungwa kwenye mti mrefu, nikifuata migongo ya bati kuelekea nje, kutoka ukutani hadi ukingoni, ili maji machafu yadondoke chini na yasirudi ndani. Kisha napuliza tena. Sabuni ya unga siitumii, na dawa za kung'arisha nguo ndizo mbaya kabisa kwa zinki. Vichwa vya skrubu vya ukingoni napuliza kimoja kimoja, na sehemu za kulaliana napuliza kufuata mteremko, nikilielekeza tundu chini. Bati likikauka, mama anapitisha kidole na kulamba. Kidole kikiwa na chumvi, tunarudia. Mimi nilitaka kutumia kitambaa cheusi kuona unga mweupe, mama akasema ulimi wake haujawahi kudanganya, na kweli, mara ambayo kitambaa kilionyesha pasafi yeye alikataa, tukapuliza tena na maji yakatoka na utusitusi wa kutu.

Mahali ambapo kutu imeanza lakini haijatoboa, brashi ya waya kwa mkono, maji, kukausha, rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Ukipaka rangi juu ya chumvi isiyooshwa, rangi itavimba na kubanduka kabla mwaka haujaisha, hata iwe ya bei gani. Wauzaji wa rangi hawalisemi hili, na wanapaswa kulisema.

Mwaka 2025 tulikagua upenu baada ya masika. Safu mpya ilikuwa haina doa. La muhimu zaidi kwangu, mabati ya zamani ya baba yaliyo juu yake, ambayo fundi wa kwanza alitaka tuyauze kama chuma chakavu, yalikuwa vile vile kama tulivyoyaacha, na madoa ya kutu tuliyoyapaka rangi hayakusambaa. Mama sasa anaosha kwa ratiba yake: Agosti kusi ikiwa kali, mwisho wa Septemba, na Februari kaskazi inapopungua. Kijana wa Mjimwema ameanza kuwaoshea majirani kwa malipo, na kazi yake naiamini.

Kama nyumba yenu ina upenu wazi na bahari iko karibu, osheni mwezi wa tisa, kabla vuli haijaanza. Maji yawe matamu, na muanze na upande unaotazama bahari.