Kompyuta Ndogo na Michezo ya Wachezaji Wengi

Michezo ya kuigiza wahusika katika kompyuta ni ile ambayo kila mchezaji hujivika nafsi ya mtu wa kubuni, akasafiri, akafanya biashara na kupigana pamoja na wenzake walio mbali, wote wakiunganishwa na mtandao. Watu wengi hudhani kwamba ulimwengu wa namna hiyo hauna budi kuendeshwa na mtambo mkubwa utumiao umeme mwingi. Dhana hiyo si sahihi, na hesabu nyepesi zatosha kuonyesha sababu.

Mgawanyo wa kazi

Mchezo wa MUD, mmojawapo wa michezo ya mwanzo ya aina hii, ulianzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na baadaye ukaendelezwa na Richard Bartle. Uliendeshwa na kompyuta kubwa ya PDP-10. Haukuwa na picha. Wachezaji waliandika amri na kusoma maelezo.

Siku hizi michezo mingi ina picha, lakini kwa kawaida kompyuta ya kati, yaani seva, haizichori. Kazi yake ni ya mwamuzi na karani: hupokea amri, huipima kwa sheria za mchezo, huandika matokeo, kisha huwaarifu wachezaji. Milima, majumba na mazimwi huchorwa na kompyuta ya mchezaji mwenyewe. Kazi nzito imegawanywa. Iliyobaki katikati ni nyepesi.

Taarifa zinazopita

Ichukuliwe kwamba wachezaji 20 wamekutana mahali pamoja, na kila mmoja hutuma taarifa 10 kwa sekunde, kila taarifa ikiwa na baiti 50. Seva itapokea:

20 × 10 × 50 = baiti 10,000 kwa sekunde.

Lakini kila taarifa hupelekwa kwa wenzake 19. Hivyo seva itatuma:

20 × 19 × 10 × 50 = baiti 190,000 kwa sekunde.

Wachezaji wakiwa 40, seva itatuma baiti 780,000. Idadi yao imeongezeka mara mbili, lakini kazi imepita mara nne. Kwa hiyo kinachoielemea kompyuta ndogo hasa ni msongamano. Seva iliyoundwa vyema humpa mchezaji habari za walio karibu naye tu.

Hesabu ya umeme

Kompyuta ndogo itumiayo wati 10, ikiwashwa mwaka mzima, hutumia:

10 × 24 × 365 = wati-saa 87,600, yaani uniti 87.6.

Kompyuta ya wati 100 hutumia uniti 876. Tofauti ni uniti 788.4, na hizo hulipiwa.

Hata hivyo, kompyuta ndogo ina mipaka yake. Kumbukumbu ikijaa, mchezo huzorota. Tena umeme ukikatika ghafla, yote ambayo hayajaandikwa katika diski hupotea, na jasho la wachezaji hupotea nayo. Mwendeshaji makini huiagiza programu ihifadhi hali ya mchezo kila baada ya dakika chache, na huweka nakala mahali pengine.

Maswali

1. Wachezaji 60 wamekutana. Seva itatuma baiti ngapi kwa sekunde? Itatuma ngapi ikiwa kila taarifa hupelekwa kwa watu 9 tu?

2. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 itaendesha kompyuta ya wati 10 kwa saa ngapi, ikichukuliwa kwamba hakuna nishati ipoteayo?