Mtoto Mchanga na Ziwa la Mamake



Limeletwa katika darasa yetu suala la ndugu mmoja ambaye bintiye ameolewa Nairobi, naye akaa Gatwekera, mojawapo ya vijiji vya Kibera. Mtoto wake ana umri wa wiki tatu. Kila siku toka magharibi mpaka baada ya isha hunyonya, akaachia, akalia, akataka tena. Majirani wamemwambia yule mama kwamba maziwa yake ni mepesi, hayamshibishi mwana, nao wamempa shauri la kumnywesha maji ya sukari mchana na uji mwepesi usiku. Ndugu yetu auliza: je, lina ubaya jambo hili, na dini yasemaje? Twaona suala hili si la mtu mmoja, kwani maneno hayohayo husemwa Mombasa, Lamu na Tanga, na mara nyingi na watu wazima tunaowaheshimu.

Tuanze na dini. Katika aya ya 233 ya Sura ya Baqara Mwenyezi Mungu ametaja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha, na katika aya iyo hiyo amemwekea baba juu yake chakula cha mama na nguo zake kwa kadiri ya uwezo. Kuachisha ziwa kabla ya muda huo kumeruhusiwa kwa ridhaa ya wote wawili na kwa kushauriana. Si kwa amri ya jirani. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii, miongoni mwao Imamu Nawawi katika Minhaj, wamesema kuwa ni wajibu juu ya mama kumnyonyesha mwanawe maziwa ya kwanza, yaani dang'a. Basi wale wanaoyakamua maziwa hayo ya manjano na kuyamwaga, eti ni machafu, huyamwaga yale ambayo fikihi imeyawajibisha! Na utabibu wa leo nao wasema kuwa dang'a, ingawa ni kidogo, imejaa kinga ya maradhi.

Sasa tutazame tabia ya mtoto mwenyewe. Tumbo lake ni dogo mno, na maziwa ya mama husagika upesi. Kwa hivyo mtoto wa wiki za mwanzo hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa mchana na usiku, na wengine huzidi. Wala hana nyakati zilizowekwa kama sala. Pengine hulala saa tatu, kisha akanyonya mara nne mfululizo. Wengi wao huwa hivyo khasa jioni. Na zipo siku, yapata wiki ya pili au ya tatu na tena yapata wiki ya sita, ambazo hutaka ziwa bila kupumzika. Ni siku za kukua. Kilio nacho huzidi wiki baada ya wiki, kikafika kilele chake karibu na wiki ya sita, kisha kikapungua chenyewe. Kwa hivyo huyu wa wiki tatu yumo katika desturi ya watoto wenziwe.

Tena kilio ni dalili ya mwisho ya njaa, si ya kwanza. Kwanza mtoto hugeuza kichwa akitafuta, hufungua kinywa, hulamba midomo, hutia mkono mdomoni. Apewe ziwa wakati huo. Akingojewa mpaka alie, hulishika ziwa kwa ghadhabu na kuliachia, na watu wakasema amelikataa. Atazamwe pia namna anavyolishika: kinywa kiwe wazi sana, kidevu kiguse ziwa, wala asinyonye ncha ya chuchu peke yake, kwani hapo mama huumia na mtoto hapati kitu.

Ziwa si mtungi ambao ukimiminwa huisha. Kadiri linavyonyonywa ndivyo linavyofanya maziwa, na kunyonya kwa usiku kuna nguvu zaidi katika hilo. Huyo anayenyonya jioni nzima anaagizia maziwa ya kesho. Akipewa maji ya sukari, tumbo lake dogo hujaa kitu kisicho na faida, hasogei kwenye ziwa, na ziwa lisiponyonywa hupunguza. Baada ya wiki mbili maziwa huwa yamepungua kweli, na majirani wakasema: si tulikwambia?

Anayetaka kujua kama maziwa yanatosha atazame mkojo na uzani, asisikilize kilio. Baada ya siku tano za mwanzo mtoto aliyetosheka hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Uzani hupungua kidogo siku za kwanza, na kwa kawaida hurudi kabla ya wiki mbili kwisha, kisha hupanda. Lakini mtoto asiyeamka kunyonya, au ambaye mkojo wake ni mchache na mzito, au mwili wake una moto au baridi isiyo ya kawaida, huyo apelekwe hospitali saa ile ile.

Mbona tumesema khatari ya Gatwekera ni kubwa? Kibera si pageni kwa Waislamu; Wanubi waliotoka katika jeshi la Kiingereza ndio waliokaa hapo kwanza, na jina lenyewe ni la lugha yao, maana yake msitu. Leo ni mji wa vibanda vilivyosongamana. Maji hununuliwa kwa mtungi, na mabomba mengi hupita kando ya mitaro ya maji machafu. Waganga wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya (KEMRI) waliowafuatia watu wa Gatwekera nyumba kwa nyumba waliikuta homa ya matumbo imezagaa, khasa kwa watoto. Kijiko cha maji ya sukari mahali hapo si kitu cha kuchezewa. Na maziwa ya mama, sehemu 87 au 88 katika 100 ni maji. Mtoto hahitaji mengine, hata katika joto letu la kaskazi.

Mazoea hayo ni ya wengi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011, uliofanywa Korogocho na Viwandani, mitaa ya Nairobi iliyo na hali kama ya Kibera, ulionyesha kuwa watoto 40 katika 100 walinyweshwa kitu kingine katika siku tatu za mwanzo, na waliopewa ziwa tupu miezi sita walikuwa kiasi cha 2 tu katika 100. Kwa Kenya nzima hesabu ya mwaka 2022 ilikuwa 60 katika 100 kwa watoto walio chini ya miezi sita.

Kuna na imani ya kubemenda: kwamba mume akimkaribia mkewe anyonyeshaye, maziwa huharibika na mtoto hudhoofu. Wako walioachisha watoto ziwa kwa ajili hiyo. Katika Sahihi ya Muslim imo hadithi ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliazimia kulikataza jambo hilo, kisha akawatazama Warumi na Wafursi wakilifanya pasi na watoto wao kudhurika, akaliacha. Suala limekwisha tangu siku hiyo.

Lililo zito kuliko yote ni riziki. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 yampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo na mshahara, lakini haimfikii yule afuaye nguo za watu kwa kutwa. Huyo hurudi kazini mtoto angali wa wiki chache, na hapo ndipo uji unapoingia. Kumlaumu ni dhuluma. Aya tuliyoitaja imemtwika baba chakula cha mama. Na baba akishindwa, huyo ni fakiri, na zaka ina fungu lake. Twawauliza wenye kukusanya zaka katika misikiti yetu: ni mama wangapi wanyonyeshao walioandikwa katika daftari zenu?

Akilazimika kutoka, na akamue maziwa yake kwa mikono safi katika kikombe kilichooshwa kwa maji ya moto na kufunikwa. Hukaa saa nne pasi na barafu, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa yenye chuchu ya mpira, ambayo ni taabu kuisafisha. Mama mwenye virusi vya Ukimwi naye anyonyeshe huku akimeza dawa zake kwa mpango wa kliniki; kumchanganyia mtoto vitu vingine katika miezi sita ya mwanzo ndiko kunakomzidishia khatari.

Na jirani akimsaidia kwa kumnyonyesha, ni wema mkubwa, ila ujulikane: kwa madhehebu ya Shafii, kunyonya mara tano zilizo mbalimbali kabla ya miaka miwili humfanya mtoto kuwa mwana wa mama huyo na ndugu wa watoto wake, wasiweze kuoana. Jina lake na la mumewe liandikwe nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, maana watu wa Gatwekera huhama.