Nyoka wa Bahari Naye Hushikwa na Kiu

Mvuvi anayevuta nyavu katika maji ya Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River au Lamu huenda, mara moja moja, akakuta humo nyoka mwenye mgongo mweusi na tumbo la manjano. Wanasayansi humwita Hydrophis platurus. Dunia ina zaidi ya aina 60 za nyoka wa bahari, lakini huyu peke yake ndiye anayejulikana kuishi katika maji ya Afrika Mashariki. Makao yake yanaanzia pwani yetu, yanavuka Bahari ya Hindi na Pasifiki, hadi pwani ya magharibi ya Amerika.

Nyoka huyu huishi maisha yake yote baharini. Hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai humo humo majini. Mkia wake ni bapa kama kafi. Hupumua kwa pafu, hivyo ni lazima aibuke juu kuvuta hewa, ingawa ngozi yake pia hunyonya sehemu ya oksijeni kutoka majini.

Anakunywa nini?

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba nyoka huyu hunywa maji ya bahari, kisha chumvi iliyozidi hutolewa na tezi iliyo chini ya ulimi wake. Mwaka 2014, Harvey Lillywhite wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya utafiti wao katika pwani ya Kostarika. Walivua nyoka hao na kuwapa maji matamu. Waliovuliwa wakati wa kiangazi kirefu walikunywa kwa pupa. Waliovuliwa baada ya mvua, wengi wao hawakuwa na haja ya kunywa. Ikabainika kwamba nyoka huyu hukaa na kiu miezi kadhaa akiwa katikati ya maji, akingoja mvua.

Je, maji matamu atayapata wapi baharini? Jaribio dogo la nyumbani linaeleza. Tia maji ya chumvi nusu glasi. Chukua maji matamu yaliyotiwa rangi, kisha yamimine polepole sana juu ya kijiko. Maji ya rangi yataelea juu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Ndivyo inavyokuwa mvua kubwa inaponyesha baharini penye utulivu: utando wa maji matamu hukaa juu kwa muda, na nyoka huunywa kabla haujachanganyika na chumvi.

Funzo lake ni hili: ukame hauumizi wakulima na wafugaji peke yao. Mvua ikikawia, hata kiumbe wa bahari kuu hudhoofika.

Ukimkuta ufuoni

Upepo mkali na mawimbi humtupa nyoka huyu ufuoni mara nyingine. Mchangani hawezi kutambaa vizuri, naye hulala kama aliyekufa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ana sumu kali na bado anaweza kuuma. Watoto wasimchokoze kwa mguu wala kijiti. Wavuvi wasimtoe wavuni kwa mikono mitupu. Asiuawe, ripoti itolewe kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) au kwa maafisa wa KWS.

Asichanganywe na mkunga mwenye mistari myeusi na myeupe anayeonekana kwenye miamba wakati wa maji kupwa. Huyo ni samaki. Mkia wake umechongoka, haukuwa bapa kama kafi.

Mtu akiumwa

Jino la nyoka wa bahari huenda lisiume sana, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Dalili hizo ni maumivu ya misuli, kope kulegea, shida ya kumeza au kupumua, na mkojo wenye rangi nyeusi. Kwa hiyo kila aliyeumwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama anajiona mzima.

- Mtoe majini na umtulize. Asitembee wala kukimbia.
- Mvue pete, saa na bangili kabla kiungo hakijavimba.
- Kiungo kilichoumwa kisitikisike. Kitegemezwe kwa ubao kama kilichovunjika.
- Usichanje, usinyonye jeraha, usifunge kamba ya kukaza, wala usipake mafuta ya taa au jiwe jeusi.
- Usipoteze muda kumsaka nyoka. Mweleze mhudumu wa afya rangi yake na mahali mlipokuwa.

Nyoka huyu hamfuati mtu. Wengi wanaoumwa ni wale waliomshika. Kumtambua na kumwacha ndiyo kinga ya kwanza.