Jina Ulilobandikwa na Jina Ulilobatizwa



Somo letu wiki hii linagusa jambo ambalo huku Hirbadaw huzungumzwa kwa kucheka au kwa kunong'ona, mara chache sana kwa sala. Mtu anajiuliza, mimi ni nani kama mwanaume, au kama mwanamke? Na watu wameshamjibia kabla hajamaliza kuuliza.

Majibu yao tunayajua. Kijana achunge ng'ombe, ashike plau, aoe mapema. Binti achote maji, apike, aolewe. Ukitoka kidogo tu nje ya hapo unapewa jina. Mvulana mpole anayependa kukaa jikoni na mama yake ataitwa "kademu". Binti anayeswaga maksai shambani na hana haraka ya mchumba ni "jike dume". Likija lile neno "shoga", basi, mazungumzo yameisha. (Ajabu, kule Pwani wanawake huitana shoga kwa upendo tu, yaani rafiki yangu. Neno lilelile, huku ni jiwe.)

Tutenganishe mambo kwanza. Kupenda kupika si dalili ya chochote. Yakobo alikuwa mtu wa kukaa hemani, na ndiye aliyepika dengu wakati Esau yuko porini anawinda (Mwa 25:27-34). Debora alikuwa mwamuzi wa Israeli, na Baraka alikataa kwenda vitani bila yeye (Amu 4:8). Kwa hiyo majina mengi tunayobandikana hayahusu dhambi hata kidogo. Ni desturi tu, na desturi hubadilika.

Lakini wapo pia wanaojikuta kweli wanavutwa na watu wa jinsia yao. Wengi watakwambia hawakuchagua, na wanaogopa hata kumwambia padre. Tunaimba nao kwenye kwaya. Hapa Kanisa linasema mambo mawili, sisi tunasikia moja. Katekisimu namba 2357 inafundisha kwamba matendo ya kujamiiana ya watu wa jinsia moja hayawezi kukubaliwa, sitalizunguka hilo. Namba inayofuata, 2358, inataka watu hawa wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Jamani, nani kati yetu amewahi kusikia ya pili ikihubiriwa? Na useja mwema unadaiwa kwetu sote tusio na ndoa. Wanaocheka sana, wengine wao wana watoto wasiowatunza.

Ipo barua ya mwaka 1986 waliyoandikiwa maaskofu wa dunia nzima, iliyosainiwa na Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI. Watu huikumbuka kwa ukali wake. Ila karibu na mwisho inasema Kanisa linakataa kumpima mtu kwa mvuto wake, ati huyu ni wa aina hii na yule ni wa aina ile. Utambulisho wake wa msingi ni kwamba ni kiumbe wa Mungu, na kwa neema ni mwana wake na mrithi wa uzima wa milele. Barua hiyohiyo inalaani maneno na matendo ya ukatili dhidi yao. Januari 2023 Papa Fransisko naye alisema wazi kwamba kuwa na hali hiyo si kosa la jinai.

Sasa fungua Mdo 8:26-40. Yule Mwethiopia alikuwa waziri wa hazina, tena msomaji wa Isaya, lakini Maandiko yanaendelea kumwita "towashi", jina la kile alichopungukiwa mwilini. Sheria ya zamani ilimzuia mtu kama yeye kuingia katika kusanyiko (Kum 23:1). Lakini chuo alichokishika mkononi, mbele kidogo, kinawaahidi matowashi jina lililo bora kuliko wana na binti (Isa 56:3-5). Filipo hakumhoji maisha yake. Alipanda gari, akakaa naye, akaanzia palepale alipokuwa anasoma.

Ninamfahamu kijana aliyeacha kikundi chake cha vijana kwa sababu ya kuchekwa sauti na mwendo. Hakuna aliyemuuliza lolote. Alihamia mjini, na Misa akaacha. Mwaka jana alinitumia ujumbe: "Hivi mimi bado ni Mkatoliki?" Nilimjibu kwa swali la yule towashi, Mdo 8:36: kuna nini cha kumzuia asibatizwe? Naye alishabatizwa, akiwa mtoto mchanga, kwa jina ambalo mama yake bado anamwitia.

Kwa Jumapili, kwenye jumuiya zenu, someni masomo hayo mawili, Mdo 8 na Isa 56, kisha mjadili: kijana huyu akija Misa ya kwanza wiki hii, atakaa benchi gani, na nani atasogea ampe nafasi?